Sahani ya Baba

Kibokoni, Mombasa
8 Septemba 1996

Ndugu yangu Kamaludin,

Nakuombea uzima huko Maskati, na joto liwe limepungua. Sisi huku siwezi kuandika kuwa hatujambo kama nilivyozoea, kwa hivyo nianze na jambo lenyewe. Baba ana sukari.

Unakumbuka nilikwambia amekonda na kila saa anataka maji. Yeye akisema ni joto la jiko la halwa. Mwezi uliopita alijikwaa kidole cha mguu wa kulia kwenye kizingiti cha duka. Kidonda kikawa hakiponi, na wala hakimuumi. Hilo la kutouma ndilo lililonitia hofu. Nikambembeleza mpaka akakubali twende kwa daktari pale Makadara. Akapimwa, na daktari akamwambia wazi: "Mzee, dawa peke yake haitoshi. Ukiutaka mguu huu, badilisha sahani yako."

Tukapelekwa kwa muuguzi wake, anaitwa Jacinta, mtu mpole, akatueleza polepole. Sukari iondoke kabisa. Mahamri na halwa aviache. Wali uwe kidogo, mboga zijae, samaki achomwe badala ya kukaangwa, na kila siku atembee. Baba alikuwa akiitikia tu, "Naam, naam," na mimi nikaona hasikii hata neno.

Wewe unamjua. Amepika halwa tangu wewe na mimi hatujazaliwa, na hakuna sufuria inayoshuka jikoni kwake bila yeye kuionja. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi, jioni barazani na wenzake kahawa na kashata. Jana nilimpa chai bila sukari. Akaonja, akainuka nayo mpaka mlangoni, akaimwaga kwenye mtaro. Akaniambia, "Mwanarusi, mimi sijafa bado."

Nakuomba umwandikie. Mimi nikisema ni kama kunguru wa paa la jirani. Wewe akikusikia husikia. Usimwambie kuwa nimekutuma.

Dadako,
Mwanarusi


Maskati
2 Oktoba 1996

Da Mwanarusi,

Salamu zako zimefika na mimi ni mzima, ila kazi ya kuendesha lori inanichosha mgongo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Dada, usijitie wasiwasi hivyo. Huku Maskati kila mtu mzima ana sukari. Tajiri wangu anayo mwaka wa kumi sasa, anameza kidonge chake asubuhi, halafu anakaa kwenye sinia la wali na nyama kama kawaida, na ana nguvu kuliko mimi. Baba apewe vidonge, basi.

Kumwandikia kuhusu chakula, hilo siliwezi. Mimi nimwambie babangu ale nini? Kwa mdomo upi? Tangu Mama atutoke, mzee hana starehe nyingine ila kula kwake na baraza lake. Ukimwondolea na hiyo atabaki na nini?

Kuna kijana wa Makadara anaitwa Arsalan, anarudi huko wiki ijayo. Nimempa mkebe wa halwa ya huku, tende nzuri, na kanzu ya Baba. Mwambie aionje halwa aniambie kama hawa watu wanajua kazi. Najua atacheka.

Mpe roho yake inachotaka, Dada. Mzee halei tena, sisi ndio tunamlea.

Ni mimi nduguyo,
Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
17 Novemba 1996

Kwa mwanangu mpenzi Kamaludin, Mungu akuhifadhi ugenini.

Kijana Arsalan amefika na amana yote nimeipokea. Kanzu imenikaa sawasawa. Halwa nimeionja. Si mbaya, lakini aliyeikoroga alikuwa na haraka, samli haikupata muda wa kuingia ndani, na zafarani wametia kwa uchoyo. Waambie waje kwangu niwafundishe.

Mimi ni mzima. Mguu nilijikwaa tu na sasa hauna neno. Mato ndiyo yanapunguka nuru, lakini hayo ni umri.

Lililonifanya nikuandikie ni dadako. Amekuwa askari ndani ya nyumba yangu. Ananipa majani kama mbuzi wa kafara. Chumvi amenifichia, sukari amenifichia, na sasa nikipita barabara ya Ndia Kuu watu wananitazama kwa huruma, kwani amepita mlango kwa mlango kuwaambia wasinipe kitu. Mlango kwa mlango, Kamaludin! Fatemabai wa jirani, ambaye kila Alhamisi hutuletea sahani tangu enzi za mamako, sasa ananisalimia kwa mbali kama mwenye ndui.

Mtu wa kazi yangu akiambiwa asionje, anaambiwa nini? Aangalie sufuria kwa mato? Mwanarusi ana mapenzi, silikatai. Lakini mapenzi yake yananiaibisha mbele za watu. Mwandikie neno. Wewe ni mwanamume, atakusikia.

Babako,
Msellem bin Famau


Maskati
9 Desemba 1996

Da Mwanarusi,

Sikutaka kukuandikia barua kama hii. Baba ameniandikia, na hata bila yeye nilikwisha sikia, kwani Arsalan alipiga simu kwa ndugu zake huku na maneno yakaenea. Umepita kwa majirani kuwaambia wasimpe babetu chakula! Unajua watu wanasemaje? Wanasema binti ya Msellem anamnyima babake kula. Wanasema mzee aliyelisha Makadara nzima halwa ya harusi zao sasa anaomba kipande cha mkate nyumbani kwake mwenyewe.

Wewe ni mkubwa wangu na sikukosei heshima. Lakini mambo ya jina la Baba ni juu yangu mimi niliye mwanamume, hata nikiwa mbali. Ramadhani inakuja. Nataka afuturu kama mtu, kwa vitu vyake alivyovizoea, na meza ijae. Ukihitaji chochote sema.

Karatasi ya pili iliyomo kwenye bahasha hii ni ya Baba. Mpe mkononi mwake.

Nduguyo,
Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
26 Januari 1997

Kamaludin,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika maneno ambayo mtu hamwandikii ndugu yake. Leo nitajaribu kukueleza yaliyotokea tu.

Ni kweli nilikwenda kwa majirani. Nilikwenda kwa sababu Baba alikuwa hali chakula changu, halafu anatoka na kurudi ameshiba. Kila mlango una sahani yake. Fatemabai nilimkuta anakaanga, nikamwambia, "Bai, mzee ana sukari, ile sahani ya Alhamisi tuipumzishe." Akaweka mwiko chini akaniuliza, "Mimi nimfungie mlango mzee Msellem? Mamako angenitazama vipi?" Nikalia pale pale mbele yake. Ndipo akakubali. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Wanampenda, na huko kumpenda kote kunaingia kwa njia ya mdomo.

Jambo ambalo hakukuandikia ni hili. Baada ya wale majirani kukubali, alikasirika siku kadhaa, halafu akatulia. Nilianza kumpikia mkate wa mofa wa mtama, akasema bibi yake alikuwa akiupika. Nikampa pojo na mchicha, nikachoma samaki changu kwa ndimu na pilipili, akanyonya mifupa. Baada ya sala ya alfajiri tukawa tunatembea pamoja mpaka uwanja wa mbele ya ngome na kurudi, yeye na bakora yake, ananionyesha nani alikaa nyumba ipi na nani alioa wapi. Sijapata kuzungumza naye hivyo maisha yangu yote. Jacinta alipomfungua bandeji alitabasamu. Kidonda kilikuwa kinafunga, Kamaludin. Nilikiona kwa macho yangu, nyama mpya, nyekundu.

Halafu ikaja bahasha yako. Nilimpa karatasi yake mkononi kama ulivyotaka. Aliisoma mbele ya wenzake barazani, kwa sauti, pale ulipoandika kuwa mzee wa nyumba halishwi kama mfungwa. Wakacheka, wakamwagizia kashata. Siku ile ile.

Nami nikakutii. Ulisema meza ijae, imejaa. Kaimati za shira, tambi za sukari, vibibi, mkate wa sinia. Daktari alimkataza kufunga, amefunga. Akifungua kinywa ni kwa sharubati. Nampelekea sahani mimi mwenyewe, namtazama anavyokula kwa furaha, kisha narudi jikoni kuchemsha shira ya kesho. Kidonda kimefunguka tena, na safari hii kina harufu. Hataki nikiguse. Anasema baada ya Idi.

Mwandikie kabla ya Idi. Sikuombi kwa ajili yangu.

Mwanarusi


Maskati
11 Februari 1997

Da Mwanarusi,

Idi yenu iwe ya heri! Huku tumesali na tumechinja, na sisi watu wa Mombasa tulikusanyika kwa mwenzetu mmoja tukapika biriani mpaka majirani Wahindi wakaja kuuliza harufu inatoka wapi.

Barua yako sijaipata bado, labda imekwama posta, lakini Baba alinitumia salamu kwa mdomo wa msafiri kuwa nyumba imerudi kuwa nyumba na kwamba unampikia kama Mama alivyokuwa akipika. Dada, moyo wangu umetulia. Najua nilikuandikia kwa ukali. Ona lakini, neno moja tu lilitosha kurudisha furaha ya mzee.

Ninasafiri kwenda Salala na mizigo, nitakuwa njiani kwa muda. Nikirudi nitaandika kirefu. Mpe Baba mkono wa Idi.

Nduguyo,
Kamaludin


Mombasa
20 Machi 1997

Kamaludin,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi. Nimepiga simu kazini kwenu mpaka aliyekuwa akiipokea akaijua sauti yangu. Kila mara anasema uko njiani.

Baba amekatwa mguu, chini ya goti.

Tulimleta akiwa na homa kali, anaweweseka, anawaita watu wa zamani waje wakoroge halwa. Madaktari walisema weusi wa kidonda umeshapanda mguuni, wakisubiri atakufa. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Nilitamani uwe hapa utie wewe uliye mwanamume.

Alipozinduka aliniuliza, "Wamekata wapi?"

Nikamwambia, "Chini ya goti, Baba."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Kamaludin asiambiwe. Atajiona yeye ndiye." Ndiyo maneno yake, na mimi nimeshindwa kuyaficha.

Jacinta wa kliniki alikuja kumtazama nje ya kazi yake. Baba alimwambia, "Binti yangu, mimi sikula kitu kibaya," kama mtoto. Jacinta akamshika mkono tu.

Na sasa hali kabisa. Ndilo linaloniua. Miezi yote hii nilipigana naye aache, na leo namwomba ale chochote. Namletea uji wa wimbi bila sukari, anasema, "Weka hapo." Namletea mchuzi wa samaki, "Weka hapo." Juzi nilipoteza akili nikamletea mahamri mawili ya moto nimeyafunga kwenye khanga. Akayatazama akageuza uso ukutani. "Vyote sawa, mwanangu," akaniambia. "Weka hapo." Jioni naokota sahani zote kama nilivyozileta.

Njoo kama unaweza.

Mwanarusi


Maskati
6 Aprili 1997

Dada yangu Mwanarusi,

Nimerudi kutoka Salala jana na kuzikuta barua zako mbili pamoja, ya Januari na ya wodini. Nilizisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini sakafuni. Acha nifanye kazi, hilo naliweza.

Nimekwenda hospitali ya huku, nimemwomba daktari Mhindi anieleze yote. Amenieleza kwa saa nzima. Sasa nisikilize. Baba asipewe wali mweupe hata kidogo. Mkate wa mofa wako ndio, endelea nao. Kunde, pojo, mbaazi bila nazi. Kila mlo uwe mdogo, lakini asikae na njaa, ale mara nyingi kidogo kidogo. Matunda, si embe wala ndizi mbivu, mpe pera au paipai changa. Asinywe juisi. Tende zangu kama zimebaki zitupe, Dada, zitupe zote. Mguu uliobaki uoshwe na ukaushwe katikati ya vidole kila siku, na asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Nenda tena kwa majirani. Waambie Kamaludin amesema. Barazani pia, nenda, kasimame mbele ya wale wazee, waambie mwanawe amekataza. Wakikuchukia wanichukie mimi.

Nimeomba ruhusa kwa tajiri, pasi yangu iko kwake, anasema mwisho wa mwezi. Mwambie Baba nakuja. Mwambie nitatembea naye asubuhi, nitamsukuma kwenye kiti mpaka ngome na kurudi. Mwambie ale ili anisubiri.

Kamaludin


Kibokoni, Mombasa
27 Aprili 1997

Ndugu yangu Kamaludin,

Tulipozungumza kwenye simu ulikuwa unalia na laini ilikuwa mbaya, sikuweza kukueleza. Sasa nakueleza.

Baba alifariki Ijumaa ya tarehe nne, kabla ya sala ya adhuhuri. Hakuteseka mwishoni, alikuwa amelala tu na pumzi ikawa inapungua. Nilikuwa nimekwenda nje kusuuza chupa ya uji, niliporudi muuguzi ameshasimama pembeni ya kitanda. Tulimzika jioni ile ile. Watu walikuwa wengi mpaka Ndia Kuu ikaziba.

Barua yako ya chakula ililetwa na msafiri tukiwa bado matangani. Msomaji alikuwa bado yuko kwenye Kurani, mimi nikaifungua jikoni. Niliisoma mpaka mwisho, hata pale kwenye vidole vya mguu. Sikukasirika. Nilitamani tu niwe na mtu wa kumpikia hayo yote.

Fatemabai alikuja na sahani imefunikwa. Nikaifunua, ni pojo, hazina nazi wala sukari, zimechemshwa tu. Akasema, "Nimepika kama ulivyotaka." Tukabaki tumesimama na ile sahani katikati yetu, hakuna aliyejua tuiweke wapi. Nje watu walikuwa wanapakuliwa pilau ya maziko, na soda, kreti kwa kreti.

Wale wazee wa baraza walinipa mkono. Mmoja akaniambia, "Angalau alikula alichokipenda." Nilimwitikia, maana ni mtu mzima. Lakini Kamaludin, mimi nilimwona alipokuwa akila mofa asubuhi baada ya kutembea, na alikuwa akiipenda. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hilo zaidi yako, na hakuna atakayenisadiki.

Sasa nisome vizuri. Daktari alinipima na mimi. Niko ukingoni, amesema nikijichunga huenda nisifike aliko Baba. Kwa hivyo najipikia sufuria ndogo, nakula peke yangu. Nikialikwa nasema nimefunga. Watu wameanza kusema majonzi yamenizidi. Waache.

Ugonjwa huu unapita katika damu. Nenda kapimwe. Usije na udhuru wa kazi wala wa safari. Usinijibu barua hii mpaka umekwenda.

Dadako,
Mwanarusi


Maskati
8 Juni 1997

Da Mwanarusi,

Nimechelewa kwa sababu uliniambia nisijibu mpaka nimekwenda, na nilikuwa siendi. Kila asubuhi nilipita mbele ya ile hospitali na lori, nikasema nikirudi. Juzi ndipo nilipoingia.

Ninayo. Si ukingoni kama wewe, nimo ndani. Daktari ni yule yule Mhindi. Alinikumbuka, akaniuliza, "Baba yako anaendeleaje?" Nikamwambia hajambo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alianza kunieleza tena yale yale ya mwanzo, nikamwambia nayajua. Na kweli nayajua, Dada, niliyaandika kwa mkono wangu. Nilitoka pale na vidonge mfukoni nikarudi tunakolala. Wenzangu walikuwa wamepika, ilikuwa siku ya mapumziko, sinia liko chini, wali una samli na zabibu, na wameniwekea nafasi. Mmoja akanivuta kanzu, "Kaa, Kamaludin, kinapoa." Wote wananitazama. Wananipenda.

Nikakaa. Nikala. Nilikula nikijua, Mwanarusi, kila tonge nikijua, na nikamaliza nikalamba vidole, na baadaye nikanywa chai yao. Na jana pia. Na leo asubuhi.

Mimi niliyekuandikia orodha ya pera na paipai. Hakuna mtu huku wa kunifichia sukari, hakuna wa kwenda mlango kwa mlango kwa ajili yangu, na angekuwepo sijui kama nisingemfanyia kama tulivyokufanyia wewe. Kuja sitaweza kuja sasa, tajiri amekataa pasi, na kaburi litanisubiri.

Sitaki unipe pole. Nataka uniandikie jambo moja tu, kwa ufupi, kama unavyomwandikia mtoto. Asubuhi ukiamka, nyumba iko kimya, hujala kitu na roho inataka. Cha kwanza unafanya nini? Unaanzaje?

Kamaludin